Filamu ya Jumamosi, ulimi wa ami, na jirani aliyeacha kuja

BARUA

Assalaam alaykum, washauri wetu.

Naandika kutoka Makorora, Tanga. Tangu mume wangu alete runinga ya inchi 43, kila Jumamosi baada ya isha sebule yetu hujaa: mama mkwe, ami yake mume wangu, shemeji, watoto, na majirani wa nyumba mbili tatu. Filamu tunajaziwa kwenye flashi na kijana wa mtaani, nyingi ni zile zilizotafsiriwa na madijei. Karanga nakaanga, kahawa ipo, na wanangu wameacha kushinda kwenye vibanda umiza. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Kinachonikosesha raha ni maneno. Ami ni mtu mzima mwenye heshima yake mtaani, lakini akikaa mbele ya runinga ulimi wake hauna breki. Akitokea mtu mweusi sana, atatia neno juu ya rangi yake. Akitokea Mhindi, ni habari za ubahili. Akitokea mtu wa shamba, ndiyo kabisa. Shemeji humpigia chapuo, na sebule nzima inaangua kicheko.

Mwezi uliopita walionekana vibarua wakiwa shambani. Ami akasema, "Manamba hao! Si ndio ukoo wa huyu?" huku akimwelekezea kidevu jirani yetu mmoja. Manamba ni jina walilopewa vibarua wa mashamba ya mkonge, na babu yake jirani huyo alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akambeba mwanawe akaaga. Hajarudi tena, tunasalimiana njiani tu. Siku chache baadaye nikamsikia mwanangu wa miaka tisa akimwita mtoto wake "manamba" kwenye mchezo wa gololi.

Nikatafuta filamu ya ubaguzi wa watu weusi kule Marekani, nikadhani itawaingia. Dijei alikuwa ameigeuza vichekesho, mama mkwe akasinzia, na ilipokwisha Ami akasema, "Wazungu wabaya hawa," wote wakaitikia, wakaenda zao. Hakuna aliyejiona humo.

Nisaidieni. Nioneshe filamu gani? Ami nimnyamazishe vipi bila kumvunjia heshima? Au nifunge sebule yangu?

Mama wa Makorora

MAJIBU

Waalaykum salaam, dada yetu.

Sebule usiifunge. Umeuliza habari za filamu na za Ami, na jirani umemtaja njiani tu. Sisi tutaanza naye, kwa sababu jambo lake halingoji Jumamosi.

Nenda kwake wewe mwenyewe, siku ya kazi, mnamo saa nne asubuhi, shughuli za mapema zikiwa zimepungua na watoto wako shule. Usitume mtu, wala usibebe sahani ya pilau siku hiyo: chakula humlazimisha mtu kushukuru kabla hajasema lililo moyoni. Ukishakaa, litaje neno lenyewe. "Siku ile ami yetu alikuita manamba nyumbani kwangu, mbele ya mwanao. Wewe ulikuwa mgeni wangu. Nimekuja kukuomba radhi." Halafu nyamaza, mwache aseme au asiseme. Ziara ya namna hii huharibiwa na maneno mawili. La kwanza ni "si unamjua, alikuwa anatania tu," maana hapo unamwambia kwamba kosa ni lake yeye aliyeumia. La pili ni kumwomba arudi Jumamosi hiyohiyo, kana kwamba umefuata idadi ya watazamaji. Akikuambia "hakuna neno, yamepita," jua kwamba watu wetu husema hivyo kwa adabu hata pale yasipopita. Mwambie mlango uko wazi, uage. Siku atakayorudi, iwe baada ya wiki mbili au miezi mitatu, mpokee kama siku zote, bila hotuba. Na asiulizwe mambo ya Kigoma mbele ya watu kama vile ni mwalimu wa kabila lake.

Mtoto naye hahitaji kiboko. Neno alilichukua kwenye kochi la kwenu, akalipeleka kwenye gololi. Anachohitaji ni kujua habari za watu wale. Mweleze kwamba mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, Pangani, si mbali na kwenu. Mashamba yalipotanda Tanga nzima, wenyeji wengi hawakuitaka kazi ile, kwa kuwa walikuwa na mashamba yao wenyewe, hivyo makampuni yakaleta watu kutoka Kigoma, Songea, hata Msumbiji. Jani la mkonge lina ncha inayochoma kama sindano, na watu wale waliyakata kwa maelfu tangu alfajiri. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa kitovu chake. Mtoto akishayajua haya, mwulize kama mjukuu wa mtu aliyefanya kazi hiyo anapaswa kuona haya. Kisha akamwombe radhi mwenzake, wawili tu, bila wazazi kusimama pembeni.

Tuje kwenye filamu. Uliyoileta ilishindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dijei. Kazi ya madijei ina thamani, imewafikishia filamu watu wasiojua Kiingereza, na kwenye filamu za mapigano haidhuru kitu. Lakini dijei huishusha sauti ya asili, akazungumza yeye kwa niaba ya wote, na ili watazamaji wasichoke huongeza mizaha yake, majina ya utani na lafudhi za makabila. Hapo filamu inayokemea dharau huingia sebuleni ikiwa imeongezewa dharau nyingine. Sababu ya pili iko kwenye filamu yenyewe. Mbaguzi anapokuwa jitu baya lenye bunduki, mtazamaji hujiweka upande wa wema bila gharama yoyote. Ami hana bunduki. Akimtazama jitu lile haoni hata unywele unaofanana naye, ndiyo maana filamu ilipokwisha alikwenda kulala usingizi mwanana.

Unachokihitaji ni filamu ambayo neno la dharau linatoka kinywani mwa mtu wa kawaida, mwenye shughuli zake, ambaye yuko tayari kuapa kwamba hana chuki na mtu. Tunayokupendekezea kwanza ni 12 Angry Men, aliyoiongoza Sidney Lumet mwaka 1957. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ina dakika 96, na karibu yote imo ndani ya chumba kimoja. Watu 12 wa New York wamefungiwa humo siku ya joto kali waamue kesi ya kijana wa miaka 18 anayeshtakiwa kumchoma baba yake kisu hadi kufa. Wakimtia hatiani, atauawa. Kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema bado hana hakika.

Kabla hujabonyeza rimoti, tumia dakika moja kueleza hao 12 ni nani, la sivyo nusu ya sebule itapotea mapema. Kwetu walio karibu nao ni wazee wa baraza wanaoweza kukaa na jaji Mahakama Kuu. Tofauti ni kwamba wazee wa baraza hutoa maoni tu, ilhali wale 12 wenyewe ndio wanaoamua kama mtu ana hatia, na lazima wote wawe kauli moja. Watajie pia kwamba wote 12 ni wanaume na wote ni Wazungu, maana kuna mtoto atauliza tu. Mahakama za huko wakati ule zilijaa mabaraza ya namna hiyo, na hilo lenyewe ni sehemu ya mnachokitazama.

Kuna mambo mawili humo ambayo yanakuhusu moja kwa moja. Filamu haisemi popote kijana yule ni wa asili gani. Uso wake unaonekana kwa muda mfupi mwanzoni, baada ya hapo ni "watu wa namna ile" na "wale wa mitaa ile". Mkifika katikati, waulize watu wako: yule kijana ni mtu wa wapi? Kila mmoja atakuwa na jibu lake, na jibu hilo kalitoa kichwani mwake mwenyewe, kwa kuwa kwenye filamu halimo. Swali hilo moja linafanya kazi kuliko hotuba ya nusu saa.

La pili liko karibu na mwisho. Kuna mzee mmoja mwenye mafua, filamu nzima anapenga kamasi kwenye leso, naye anasimama kumwaga yote aliyonayo juu ya "watu hao": walevi, waongo, wote ni hivyohivyo. Wenzake hawamtukani. Mmoja anainuka mezani na kumpa mgongo. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Sauti yake inapungua, mwishowe anabembeleza asikilizwe, na hapo mtu mmoja anamwambia akae na asifungue tena mdomo. Mwangalieni vizuri anayesema hivyo. Ni mtu ambaye mpaka dakika ile alikuwa upande mmoja na mzee huyo kwenye kura. Kauli ya mpinzani angeipuuza. Ya mwenzake haina pa kukwepea.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la Ami, na jibu hilo linapitia kwa shemeji. Ami hachekeshi ukuta. Anasema kwa sababu kuna mtu wa kumdakia, na mtu huyo ni shemeji yako. Wewe na yeye mna utani wenu wa halali, kwa hiyo unaweza kumwambia jambo ambalo kwa Ami ungelimeza. Mpate jikoni au barazani mapema katika wiki: "Shemeji, kicheko chako ndicho kinachomchochea ami. Jumamosi hii nikopeshe kimya chako." Usimtake amkosoe mzee. Mtake asicheke, basi. Mzaha usiopokelewa mara mbili au tatu hupungua wenyewe.

Ami atasema ni utani. Utani tunaujua na tunauheshimu; Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana msibani husemezana maneno ambayo mtu mwingine angepigwa nayo. Lakini utani una wenyewe na una masharti. Anayetaniwa ana haki ya kurudisha papo hapo kwa uzito uleule, na wote waliopo wanajua kwamba anayo. Jirani yako, mke wa watu, mgeni ndani ya nyumba, mtoto mkononi, angemrudishia nini mzee wa watu? Alichobakiwa nacho ni kucheka kidogo na kuaga. Ukilieleza hivyo kwa mumeo, ataelewa haraka, na yeye ndiye wa kulifikisha kwa ami yake. Amfuate peke yake, asubuhi baada ya chai, na maneno yawe ya kuomba: "Ami, yule jirani hajakanyaga hapa tangu siku ile. Sisi wadogo tumeshindwa kumrudisha, tunakuomba wewe utusaidie." Mzee anayeombwa msaada huona njia ya kutoka. Anayeshtakiwa huona mlango umefungwa, akapigana.

Mpeni pia kazi. Wazee wengi wa Tanga walikulia kwenye majumba ya sinema, wanajua filamu za Kihindi za ujana wao wimbo kwa wimbo. Mwombeni aanze Jumamosi kwa dakika tano, aeleze watu walivyopanga foleni, walivyovaa, walivyokaa. Akishakuwa mfunguzi wa shughuli, hatahitaji kuingilia katikati ili asikike.

Na neno likimtoka tena? Kumpa mgongo mzee kwetu ni utovu wa adabu, hilo waachieni wale wa filamu. Wewe simamisha picha. Usimtazame Ami, mtazame aliyeguswa, umwongezee kahawa, umwulize jambo dogo la kawaida. Hesabu pumzi tano, kisha endelea. Kila mtu atakuwa ameelewa, na hakuna aliyekaripiwa.

Kusimamisha kwa ajili ya mazungumzo ni jambo jingine, na watu hulikosea. Mara mbili kwa filamu nzima zinatosha. Kwa hii, mara ya kwanza ni baada ya ile kura ya 11 kwa moja, mara ya pili ni baada ya migongo. Usiulize "ubaguzi ni mzuri au mbaya?" kwa sababu jibu lake kila mtu analo tayari, nalo halimgharimu. Uliza "nani alinyamaza muda mrefu kuliko wote, na alikuwa anaogopa nini?" Anza na mdogo kuliko wote chumbani. Ukianza na wakubwa, vijana watarudia walichosikia. Dakika moja kwa kila mtu, na wakinyamaza wote, bonyeza waendelee kutazama. Maneno yatakuja kesho kwenye chai.

Kwa wenye macho makali, kuna jambo la kupendeza la kuwaonesha. Lumet aliiweka kamera juu kidogo ya macho ya watu katika theluthi ya kwanza, usawa wa macho katika ya pili, na chini yake katika ya mwisho, huku akitumia lenzi zinazofanya kuta zionekane zinasogea. Ndiyo maana kuelekea mwisho dari linaonekana na chumba kinabana. Wape vijana kazi ya kuvizia dari linaanza kuonekana lini.

Kama mama mkwe ni mpenzi wa filamu za Kihindi, kisa hikihiki Basu Chatterjee alikitengeneza upya India mwaka 1986 kwa jina Ek Ruka Hua Faisla. Kwa sebule yako ina faida ya ziada: humo mna Wahindi 12 wenye tabia 12, mwungwana, mwenye hasira, mwoga, mcheshi, na ule mzaha wa ubahili unakosa pa kushika. Baada ya hapo, na si kabla, leteni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950 chini ya Mwingereza: binti wa Kihindi, Yasmin, amekimbia ndoa ya mtu mzima, naye Denge ni kijana anayepigania uhuru. Inazungumza Kiswahili chetu, haina haja ya mfasiri. Tunaichelewesha kwa sababu iko karibu mno na nyumbani, na sebule ambayo haijazoea kusikilizana itaigeuza ugomvi wa nani alimfanyia nini nani. Itazameni kwanza wewe na mumeo, mpime umri wa watoto.

Sasa chumba. Mama mkwe hakusinzia kwa uzee. Asiyesikia na asiyeona husinzia, au huanza kuongea. Runinga ya inchi 43 inataka watu wakae kati ya mita moja na nusu na mbili na nusu. Wazee wawe mbele, kwenye viti vifupi, watoto kwenye mkeka ubavuni, na Ami akae karibu na mwenye rimoti, kwani walio nyuma kabisa ndio hupiga soga. Kama mnatumia sabufa, punguza besi hadi karibu na mwisho, maana mngurumo wake humeza maneno, na filamu hii ni maneno matupu. Pangaboi liwe kasi ya chini. Anzeni saa mbili na nusu. Pamoja na mapumziko mtamaliza saa nne na nusu.

Lugha isiwatishe. Mteueni dijei wa nyumbani, kijana mwenye Kiingereza kizuri. Aitazame filamu peke yake siku mbili kabla, na karatasini aandike namba 1 hadi 12 na alama ya kila mtu: mwenye mafua, mwenye suti nyeupe, mwenye miwani, mzee kuliko wote. Sharti lake ni moja: hana ruhusa ya kuongeza neno. Asitafsiri kila sentensi, hataweza. Aseme kiini, na sauti ya filamu iwe chini kiasi cha kumsikia.

Yeye mwenyewe atasaidiwa na maandishi ya chini ya Kiingereza. Hayo huja kama faili dogo lenye mwisho wa .srt. Liwe folda moja na filamu, na majina yafanane herufi kwa herufi, la sivyo runinga haitaliona. Maandishi yakitoka vibokisi, lifungueni kwenye kompyuta na kulihifadhi upya kwa mfumo wa UTF-8. Yakiwa hayaendi sawa na midomo, chezesheni kwa programu ya VLC kwenye kompyuta iliyounganishwa na runinga kwa waya wa HDMI: herufi G huyawahisha, H huyachelewesha, kidogo kidogo kwa kila mbonyezo. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hivyo msichukue nakala kubwa kupita kiasi. Yote haya yajaribuni Ijumaa.